Gasketi ya Boksi

Ililetwa Gerezani juu ya guta,
imelala ubavu kama mgonjwa aliyekataa kuketi:
Honda mia na ishirini na tano, wekundu umechujuka,
nembo ya wizara bado inasomeka kwenye tangi
ukiinamisha kichwa.

Mama Editruda Komba, muuguzi mstaafu,
aliyeibebea chanjo kabla Zaituni wangu hajazaliwa,
akaweka pochi katikati ya spana:
"Fundi Mkude, inakula oili kuliko petroli.
Nataka inipandishe Goba na trei kumi za mayai
bila kushuka kusukuma.
Nataka nguvu. Na nataka
idumu kuliko mimi."

Mambo mawili hayo hugombana.
Nguvu ni moto, na moto hula nyumba yake.
Sikumwambia. Nilisema tu, niachie niifumue.

Oili ikatoka nyeusi, nyepesi kama chai ya msibani.
Zaituni akapitisha sumaku,
ikarudi imeota manyoya ya chuma.
Kichwa kikagoma, kikala nyundo ya mpira,
kikaachia.
Silinda ikafuata, na chini yake,
pale inapokaa gasketi,
palikaa boksi la biskuti,
limekatwa kwa mkasi, limepakwa gundi nyekundu,
herufi mbili bado zinaonekana.
Boliti moja imevishwa uzi wa shaba ili ibane,
na juu ya kichwa chake, kwa patasi:
mikato miwili na nukta.

"Nani huyu aliyelipua hivi?" Zaituni akauliza.

Nikamwambia, shika taa vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, chumba Buguruni,
kodi ya miezi mitatu.
Yule dada wa chanjo alinipa hela ya gasketi halisi,
akahesabu mbele yangu, noti kwa noti.
Nikanunua mkanda wenye kichwa cha simba.
Miaka kumi na tisa oili imekuwa ikitoka
tone, tone,
naye anaongeza, anapanda, anaongeza,
anadhani ni uzee.

Pazi wa kerezo alichonga silinda
robo tatu ya milimita, asubuhi nzima,
redio yake imezimwa. Nilimwomba aizime.
Platini tukazing'oa, tukaweka moto wa kisasa.
Nikasugua njia ya hewa kwa msasa
hadi kidole kikakosa pa kukwama:
nguvu yake niliitafuta hapo, si kwa kuikamua.
Umri wake niliutafuta kwenye pampu ya oili,
kwenye beringi za krenki nilizozikataa mara mbili dukani,
kwenye valvu tulizozisaga hadi petroli iliyomwagwa juu
ikalala pale usiku kucha bila kupenya.
Zaituni akajifunza kuvisha ringi:
midomo yao isitazamane,
kama majirani wenye kesi.

Alipokuwa anafuta vyombo nilimwona amesimama.
Kashika spana namba kumi na nne,
anaigeuza mpini kwenye mwanga.
Mikato miwili na nukta.
Akairudisha mahali pake, taratibu,
akachukua inayofuata.

Teke la kwanza, kimya. La pili, kikohozi.
La tatu ikaamka, ikanguruma chini chini,
na bomba halikutoa moshi wa buluu.

"Mbona bei imeshuka?" Mama Editruda akauliza.
"Kuna deni la zamani," nikasema.
Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto
anayedai sindano haiumi.
"Kilomita mia tano za mwanzo usiikimbize," nikaongeza haraka,
"halafu uilete tumwage oili."
"Nitaileta," akasema. "Wewe usihame."

Ile boliti niliitupa kwenye kopo la vyuma chakavu.
Kesho yake niliikuta inaning'inia
kwenye msumari, juu ya meza,
kwa uzi wake ule ule wa shaba.
Zaituni hajasema kitu.
Nami sijaishusha.