Kalamu Ilale Kwanza

Saa mbili kasorobo, ukungu wa Newala
haujaamua kama utapanda au utashuka bondeni.
Tumepangwa mstari nje ya chumba namba tatu,
viatu vimelowa umande, na Ajinadi Mchopa
anataja tanzu za fasihi simulizi kwa sauti
kama mtu anayehesabu madeni ya watu wengine.

Mimi tumbo limenigeuka.
Jana nililala saa nne, kama nilivyoagizwa,
ila usingizi haukuagizwa.
Uji nimekunywa nusu kikombe, nusu nimemwachia paka,
nikamwambia mama nimemaliza.

Vidole vyangu viwili vya kulia ni vyeusi:
mafuta ya maganda ya korosho, tangu wiki mbili zilizopita
nilipobangua kwa Bi Somoe Chitanda
nipate hela ya kalamu.
Ngozi inabanduka. Nikikunja kidole, kinanijibu.

"Dakika kumi na tano za mwanzo si zenu,"
alitwambia Mwalimu Nandonde, "ni za karatasi.
Kalamu ilale. Ya mwenzako ikiamka, mwache nayo."

Ilikuwa rahisi kukubali siku ile,
tukitafuna mihogo nyuma ya maktaba.

"Anzeni."

Kalamu thelathini na tisa zinaanguka juu ya karatasi
kama mvua ya kwanza kwenye bati.
Yangu imelala mezani.
Nasoma swali la kwanza, herufi zinaogelea.
Nasoma tena. Moyo unatwanga
kama kinu cha jirani asiyejali kumekucha au la.

Bi Somoe hana hekima yoyote ya mtihani,
hajui hata niko kidato cha ngapi.
Alinikaripia jambo moja tu, siku nzima, bila kuchoka:
We mtoto, kokwa ikivunjika na bei imevunjika!
Ligeuze ganda kwanza, uone mshono!

Basi nageuza.

Swali la tano nalijua! Nimelikariri wiki nzima,
nafasi ya mama katika riwaya, hoja sita na mifano yake.
Mkono umeshafika kwenye kalamu
jicho linaporudi nyuma, sijui kwa nini, linarudi tu:
*katika tamthiliya mbili ulizosoma.*
Tamthiliya.
Naurudisha mkono mapajani kama mwizi aliyeonwa.

Dakika ya kumi na moja Ajinadi ananyoosha mkono,
anaomba karatasi ya pili.
Ya pili!
Tumbo linashuka hadi sakafuni. Nalisubiri lipande.
Navuta pumzi hadi nne, naitoa hadi sita,
msimamizi anakohoa, naanza upya kuhesabu.

Imebaki sehemu ya ushairi, shairi nisilolijua:

*Mchimba kisima pole, maji bado hujaonja,
kucha zako tope tele, ndoo ya jirani yaja.*

*Nafsineni ni nani? Thibitisha.*

Mara ya kwanza naona ukame, nacheka kimoyomoyo:
nani wa kunifundisha ukame, mimi wa huku juu,
ninayejua bei ya ndoo kabla ya bei ya daftari?
Mara ya pili naona huruma: mtu anampa pole mchimbaji.
Mtunzi mwema. Ningeandika hivyo, ningepata nusu ya alama.

Mara ya tatu nasoma polepole, midomo ikicheza.
*Yaja.* Haendi kuchimba, yaja kuchota.
Na mchimbaji tope li kuchani, hana mdomo katika beti hii.
Ni nani basi aliyesimama pale ukingoni,
mikono safi, akisema pole?

Lo.

Saa ya ukutani inasema kumi na sita.
Nimezidisha moja, Mwalimu, unisamehe.

Kalamu, amka.
Kidole cheusi kinauma kidogo, si sana.
Naandika namba ya swali, naipigia mstari,
halafu: *Anayesema ni mwenye ndoo.*