Samli ya Mama

Baba alikuwa na thelathini na tisa
alipokaa ngazi ya tatu, mkono kifuani,
akasema, "Nipeni maji," asiyanywe.
Ngazi za nyumba yetu Langoni zimeliwa katikati,
kwa nyayo za waliopanda wakashuka.
Yeye hakushuka.

Matanga hayajaanuliwa, shangazi Mwanajabu
alikwishampata muuaji: upawa wa samli.
"Alimlisha mpaka moyo ukaziba."
Miaka ishirini na miwili hakugusa chungu cha mama.
Akija Idi, huja ameshiba.

Mwaka huu akaja Daktari Nuru wa utafiti,
sanduku la barafu juu ya punda wa kukodi,
akaomba damu ya ukoo mzima, na majina.
Majina tunayo! Nasaba twaihesabu
mpaka kwa babu aliyechonga mlango.
Yeye alichora mume mraba, mke duara,
na waliokufa mapema akawatia wino:
Shekuwe, arubaini na moja.
Athman, thelathini na sita, tuliyesema kalogwa.
Baba.

Akapapasa kano za visigino vyetu
kama seremala atafutaye fundo kwenye ubao.
Akaitazama pete ya kijivu machoni mwa shangazi,
ile tuliyoiita uzee kabla hajazeeka.

Majibu yakarudi kutoka Mombasa.
"Mafuta haya hayakupikwa," alisema Nuru.
"Ini linashindwa kuyaondoa kwenye damu,
na kushindwa huko hurithiwa, kama pua.
Yalianza kuganda mishipani
mtoto hajaota jino.
Bi Mwanajabu, nawe unayo."

Shangazi aliutazama mkono wake, pale pamba ilipobanwa.
"Mimi sili samli."
"Ndiyo," alisema Nuru. "Huli."

Mwanangu Lali, miaka minane, naye anayo.
Kidonge kila usiku, mpaka uzeeni.
Uzeeni! Nililirudia neno hilo peke yangu,
wanaume wa kwetu hawakulizoea.

Jikoni mama alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi.
Ukuta ule ni mwembamba; alisikia, au hakusikia.
Shangazi akasimama mlangoni,
viatu mkononi kama mgeni.
"Kuna chakula?"

Mama hakugeuka.
"Kipo cha jana."
Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikalia.
Shangazi akavuta mkeka.