Kumpima Komeo

Kazi yangu ni ghala. Nachota kilo moja ya korosho
katika gunia ambalo sikulichagua,
nazipasua mbilimbili kwa kisu, naitazama nyama:
nyeupe hii, hii imesinyaa, hii ina madoa.
Halafu naandika daraja, na mkulima ananichukia
au ananishukuru, na mnada unaendelea.

Basi kamati ikaona: huyu mtu anajua kupima.
Wakanipa fomu, wakanipa penseli,
wakasema nenda uwanjani, mwangalie Bruno Namalombe,
utuambie kama bado ana thamani ya laki moja na nusu kwa mwezi
na chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga.

Ni Julai, Newala. Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma
ukameza goli la kusini;
kipa wa upande ule tunamsikia tu, akikohoa.
Mikorosho ya pembeni imepulizwa salfa jana,
vijana wanakimbia wakipiga chafya za njano.

Bruno ni wa kumi na tisa kati ya ishirini na mmoja.
Wa ishirini ana malaria. Wa mwisho ni kipa.
Gotini kafunga mpira wa ndani wa baiskeli.
Leseni inasema ana miaka thelathini na mbili,
kadi ya kura inasema thelathini na saba.
Goti halisemi, linalia tu, kama bawaba,
na wale waliomwita Komeo enzi mlango haufunguki
sasa wanacheka: komeo limeshika kutu.

Nikaandika: kasi, mbili kwa kumi.
Nikaandika: kuruka. Nikaacha wazi, kwa adabu.

Yupo Shazili, wa Kitangari, miaka kumi na tisa,
anakimbia kama mtu aliyeacha chungu motoni.
Kocha Mbawala akimtaja hulamba midomo.
Mechi ya mazoezi, dakika ya tano, akampita Komeo
kwa kulia, kisha kwa kushoto, kisha sijui kwa wapi,
mzee akakaa mavumbini kama anayesubiri chai.
Bao.
Nikafuta mbili, nikaandika moja.

Dakika ya thelathini ukapigwa mpira mrefu.
Hapana, haujapigwa bado, mguu wa mpigaji uko hewani,
na Bruno ameshapiga hatua tatu za nyuma
kwenda mahali pasipo na kitu:
nyasi kavu, kishimo, ganda la muwa.
Mpira ukaja. Ukadunda kishimoni, ukakatia kushoto
kama mbuzi aliyevutwa kamba.
Shazili akaenda kulia, peke yake, kwa kasi nzuri sana.
Komeo akautuliza kwa kifua, akampa namba sita,
akarudi akitembea. Hakuna aliyepiga kofi.

Hilo naliandika safu gani? Nimetafuta.
Kuna kasi, pumzi, urefu, uzito, nidhamu.
Hakuna "alifika kabla".

Korosho ningeipasua, ningeona.
Mtu unampasulia wapi?
Na tuseme kweli: ligi haichezwi hapa tu.
Kuna Tunduru, kuna Songea,
viwanja vyenye mashimo ya watu wengine,
na laki moja na nusu ni viatu vya vijana sita.

Kesho yake niliwahi, bado giza.
Nikamkuta anaupita uwanja polepole, mstari kwa mstari,
akisukuma udongo kwa kisigino,
kishimo hiki anafukia, kile anakiruka.
"Hicho mbona umekiacha?"
"Hicho kinanijua."

Akaketi, akalikaza goti.
"Umeniandikaje?"
Nikamwambia bado.
"Andika tu. Hiyo si penseli?"
Akainuka kwa awamu mbili, kwanza mikono, halafu mtu,
akaenda kuutoa mpira chini ya mikorosho,
akarudi nao, mabega yote salfa.