Kura ya Mwanaesha, Lamu 1957

Jina langu halikuwa, kwenye daftari la kura,
Sisi wake tukambiwa, nyumbani ndiyo busara,
Kusoma mimi najuwa, Famau hasomi sura:
Akaniomba usiku, nimfunze jina moja.

Kwa mkaa na siniya, nikamwandikia jina,
Si la alomnuwiya, binamuye muungwana,
Ni la aliyeteteya, skuli ya wasichana.
Chemli ikififiya, macho akikaza sana,
Akachora, akafuta: "Nimeshika, sina hoja."

Nikafukiza kanzuye, akaenda Liwalini,
Karudi acheka yeye, ana wino kidoleni.
Alishindwa binamuye. Hadi leo barazani,
"Tuliibiwa!" hulia. Mimi kimya. Kura moja.