Kosa la Kwanza

Miaka thelathini na moja nimeshika daftari
la kiwanda cha soksi hapa Gyumri,
na kazi ilinifunza jambo moja tu:
hesabu ikikataa kulingana, usiigombeze jumla.
Rudi nyuma, mstari kwa mstari,
hadi pale kalamu ilipoteleza mara ya kwanza.

Kwa hiyo usiku ule, theluji ikigonga kioo,
niliumwaga mfuko wa mama mezani.
Pakiti kumi na moja, chupa mbili,
na kile cha waridi alichokiita mchumba wake.
Mwenyewe alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi,
mkono wa kulia ndani ya plasta,
miguu imeumuka
kama unga wa mkate uliosahauliwa.

Nikachora safu tatu: tarehe, dawa, sababu.

Machi. Presha. Daktari Hrachya, mtu mwema,
akampa kidonge cha kulegeza mishipa.
Presha ikashuka, ikatulia.
Mei. Vifundo vya miguu vimejaa maji,
mkanda wa kiatu haufiki tundu lake.
Hakuna aliyeuliza ulianza lini kutofika.
Akapewa cha kukojoa.
Juni. Anaamka mara tano kila usiku,
anapapasa ukuta wa korido.
Akaenda kwa mwingine, yule wa ng'ambo ya reli,
akasema tu: silali.
Akapewa cha usingizi.
Oktoba. Mkojo haujui kusubiri,
usingizi nao haujui kuachia,
na kati yao wawili mama yangu
na kizingiti cha bafu.
Mkono ulikatika kama biskuti.
Novemba. Cha maumivu, kutwa mara tatu,
baada ya chakula.
Desemba. Presha imepanda.

Daktari Hrachya, mtu mwema,
akaongeza maradufu kile cha kwanza.

Nikaweka kalamu chini.
Ukurasa ulikuwa umejing'ata mkia.

Dawa ya moto ni moto, tunaambiwa.
Dawa ya dawa je?
Nani alituambia hiyo nayo ni dawa?

Asubuhi nilivaa koti niende kuwapa madaktari vidonge vyao,
wote wanne, bila maji.
Mlangoni nikasoma tena.
Kila mstari, ukiusoma peke yake,
ulikuwa sahihi.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaenda duka la dawa badala yake.
Nazeli, binti mdogo, kucha za buluu,
alilisoma daftari amesimama,
mlango umebaki wazi, baridi inaingia.
Akauliza kitu kimoja:
"Kabla ya Machi, vifundo vilikuwaje?"
Vyembamba, nikasema. Alicheza kochari
kwenye harusi ya mpwa wangu, akawachosha vijana.
"Usimwachishe chochote leo," akasema.
"Viko humu vinavyolipiza kisasi
ukivitupa ghafla."
Kisha akanyanyua simu,
akampigia mtu mwema.

Ilichukua wiki tisa.
Cha maumivu kiliondoka siku ileile.
Cha waridi kilibadilishwa, akakililia kidogo.
Cha usingizi tulikipunguza kwa kisu cha jibini,
nusu, robo, vumbi.
Cha maji kilikwenda mwisho, kimyakimya,
kama mgeni aliyegundua hakualikwa.

Machi nyingine. Mkanda wa kiatu
umerudi kwenye tundu lake la zamani.
Nilidhani atacheka.
Alikaa anafuta kopo tupu la vidonge kwa pindo la aproni.
"Jumatano nilikuwa kwa Hrachya," akasema,
"Ijumaa kwa yule wa ng'ambo ya reli.
Wananishika mkono. Wananiuliza nimelalaje.
Sasa nani ataniuliza?"

Safu ya hilo sikuwa nimeichora.

Nikavuta kiti.
Umelalaje, mama?
"Vibaya sana," akasema, uso umechangamka,
"kaa nikusimulie."