Mzizi wa Herufi Tatu

Masanduku ya viatu kumi na tisa, yote ya duka moja la Aarhus,
na ndani yake kadi, kadi, kadi:
mwandiko mdogo kama nyayo za sisimizi,
Kiarabu kulia, Kidenmaki kushoto,
katikati doa la kahawa la mwaka sabini na moja.
Nimeajiriwa kuzipanga. Wiki sita, ujira wa saa.
Mwenyewe, Mchungaji Asger Thorup, kalala nyuma ya kanisa lake
chini ya jiwe lisilo na hata herufi moja ya Kiarabu.

Alikwenda Aleppo kijana, nywele rangi ya majani makavu,
koo halijui ain.
Abdulmuin Dabbagh, mjalidi wa vitabu, akamweka kwenye kigoda
kati ya gundi na ngozi ya mbuzi:
"Sema tena. Tena. Usiimeze, si dawa."
Mwezi mzima. Wapita njia wakadhani dukani mna mgonjwa.
Ilipotoka, ilitoka ndani ya neno lenye maana ya jicho,
na mjalidi akafunga duka saa nne asubuhi, wakaenda kula.
(Sisi hatukupata taabu hiyo. Ain tuliiacha mlangoni,
tukaingia na maneno yake, tukayavika irabu, tukaketi.)

Abdulmuin naye akaomba kusoma kitabu cha mgeni wake.
Alisoma na penseli sikioni, kama anayekagua hesabu.
Alipofika kwa yule msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi,
na yule wa kabila lisilopendwa aliyemlaza nyumba ya wageni,
akaacha dinari mbili, akaahidi kurudi na salio,
akauliza, "Je, alirudi?"
Asger akapekua. Akapekua na Kigiriki.
"Haikuandikwa."
"Basi deni lipo," akasema mjalidi, akaendelea kushona.

Miaka arobaini.
Jumapili mimbari, Jumatatu kadi.
Chuo kikuu kilimwona mchungaji mno,
kanisa likamwona chuo mno,
na msikitini, juu ya duka la baiskeli, walimpa chai na kiti,
na kila mwaka mtu mmoja, kwa upole, alimuuliza atasilimu lini.
"Nikimaliza herufi ya yee."
Wakacheka. Alikuwa bado kwenye jimu.

Bodil Krogh, mzee wa kanisa, hakucheka.
"Unawafungulia wao mlango," alisema,
"sisi tunakaa kwenye upepo."
Asger akavua koti lake, akampa.
Alilivaa. Hakuonekana Jumapili tatu.
Alirudi; koti halikurudi.

Leo nimefika kwenye jimu, wau, ree.
Hapo ameandika: jirani.
Chini yake, mzizi uleule: dhuluma, kupotoka njia.
Chini yake tena: kumpa mtu hifadhi.
Nikaweka kalamu.
Maana kwetu tunayo yote mawili, jirani na jeuri,
tuliyakopa pengine siku tofauti, kwa watu tofauti,
na hakuna aliyetunong'oneza kwamba ni tumbo moja.
Ningempigia nyanya yangu, aliyegombana na ukuta wa pili
miaka kumi na moja kwa ajili ya maji ya mfereji,
na siku ya msiba akapikiwa na ukuta huohuo.
Nyanya hayupo. Nikageuza kadi.

Nyuma, kwa penseli, Novemba,
miaka minne kabla ya kifo chake:
"Stesheni, saa kumi na mbili jioni. Watu watano.
Rimas, mjukuu wa Abdulmuin, na mtoto asiyelala.
Nimewapa funguo za ghorofa ya juu.
Kauliza kodi. Nimemwambia anayedaiwa ni mimi."
Mstari wa mwisho kaukata,
lakini kwa mkono mwepesi. Unasomeka.

Mkuu wa maktaba anataka alfabeti tu, hataki habari za nyuma.
Nimeirudisha sandukuni, chini ya jimu,
imesimama juu kidogo kuliko wenzake,
kama mtu anayechungulia juu ya ukuta
kuuliza kama mna chumvi.