Tandiko la Ohanga

Nilirithi baisikeli, spana moja, pampu inayokohoa,
na tandiko la ngozi rangi ya chai ya strungi iliyolala.
Ohanga alistaafu Ijumaa. Jumatatu njia zake zikawa zangu:
Bahati, Jericho, Uhuru, hadi ng'ambo ya mto Dandora,
mita za maji tisini na kitu kwa siku.

Siku ya kwanza nilishukia Makadara nikitembea kama bata.
Muuza sukuma akaniuliza mbele ya wateja,
"Baba, umepashwa tohara leo?"

Tandiko lilikuwa na mabonde mawili,
la kushoto lenye kina kuliko la kulia,
maana Ohanga mguu mmoja ulikuwa mfupi
na dunia yote aliikalia upande.
Miaka kumi na tisa ya mifupa yake imeandikwa pale,
na mimi, msoma mita, makalio yangu
hayaujui mwandiko ule.

Nikalifungua, nikalibeba kwapani hadi Kariokor.
Nthenya alikuwa akishona kandambili za shanga,
uzi mdomoni. Akaligeuza. Akalibonyeza kwa dole gumba.
Akalinusa, kama mtu anayenusa maziwa.

"Ngozi ivute i maji," nikamwambia, nijifanye mjuzi.

"Hiyo ni mbichi," akasema. "Hii ilishavutwa,
ikakauka na mwenyewe. Hii inabembelezwa."
Akanipa nta ya nyuki kwenye kibati cha rangi ya viatu.
"Paka chini. Ukijaza juu utaivaa kwenye suruali.
Na hii nati iliyojificha ndani ya pua,
robo. Robo tu, kisha uiache mwezi.
Una haraka? Gikomba kuna sponji."

Basi jioni, uani, taa ya simu menoni:
pua juu kidogo, nikafa ganzi hadi Jericho;
pua chini, nikateleza, viganja vikabeba kiuno;
nyuma upana wa kidole, mbele nusu ya kidole,
kisigino kwenye pedali, goti linyooke
bila kujitutumua.
Kiptanui wa mlango wa pili akachungulia:
"Bado mko kwenye mahari?"

Wiki ya tatu, hakuna.
Wiki ya tano likaanza kulia, kwi, kwi, kila nikikanyaga,
watoto wa Uhuru wakanipa jina ambalo silitaji.
Ya saba, au ya nane, sikuhesabu,
nilifika Bahati nikagundua
kwamba njia nzima nimewaza karo ya Jerusa,
karo tupu,
sikuwaza nimekalia nini.

Ohanga alipiga simu kutoka Ugenya.
Aliulizia mbwa wa nyumba yenye geti la buluu,
kama bado anachukia buti.
Tandiko hakulitaja.
Nami sikumwambia kwamba nimehamia.

Kisha Julai, manyunyu yale ya Nairobi
yasiyonyesha wala yasiyoacha.
Niliegemeza baisikeli ukutani, mama mmoja akanishika na bili yake,
"Maji yanakuja Jumanne pekee, haya ya elfu tatu nimeyanywa lini?"
na alikuwa na haki, nami sikuwa na jibu,
nikasimama pale nikilowa pamoja naye.

Niliporudi, maji yalikuwa yametuama katika mabonde.
Nikainama, kama ninavyoinama kwa kila mita,
miwani kwenye ncha ya pua.
Kushoto: kijiko.
Kulia: kijiko, kasoro tone.
Na ndani ya bonde lake kubwa, ukingo mwembamba mpya,
kama duara la kikombe juu ya duara la sahani.

Ngozi i maji.
Sikuivuta. Niliifuta
kwa mkono wa sweta, nikapanda.